Salad ya Ishirini: Hadithi Ndefu ya Mafuta Tunayopima Kibera

Wiki iliyopita kuna video ilinipitia kwa simu. Dada fulani, jikoni kwake kumeng'aa kama maabara, anafunza watu jinsi ya kuchagua mafuta mazuri ya zeituni. Chupa iwe nyeusi. Angalia tarehe ya mavuno. Uliza kinu gani kilikamua. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimetumwa dukani na mathe, na mkononi nilikuwa na kijichupa cha soda cha plastiki, tayari kupimiwa salad ya ishirini.

Nikajiuliza: mimi naweza kumuuliza mwenye duka kinu gani kilikamua hii? Angenitazama kama mtu aliyepotea.

Lakini swali lenyewe si la kipuzi. Mathe anakaanga mgongo wazi Gatwekera. Kama hujui mgongo wazi, wewe si wa mtaa: ni ule mfupa wa mbuta uliobaki baada ya kiwanda kutoa minofu ya kupeleka ng'ambo, sisi tunaukaanga hadi unapiga kelele mdomoni. Biashara hiyo ndiyo ilinilipia shule. Na biashara hiyo ni vitu viwili tu, samaki na mafuta. Kuna mwaka tulinunua jerikeni ya bei rahisi kutoka kwa mtu aliyekuwa anazunguka nayo, hana duka, hana jina. Mafuta yakatoa povu kama sabuni, moshi ukawa mwingi, samaki wakatoka na harufu ya ajabu. Wateja wawili wakarudisha sahani. Wengine hawakusema kitu, waliacha tu kuja. Ilituchukua miezi kuwarudisha.

Kwa hivyo wacha leo tuongee kuhusu mafuta. Si ya gari. Ya kupikia. Na tuanze mbali, kwa sababu hiyo salad imetoka mbali kukuliko wewe.

Zeituni ilikuwa jirani yetu

Kibera ni jina la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi ndio walioketi hapa kwanza, askari wa jeshi la mkoloni, King's African Rifles, pamoja na familia zao, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati hapa kulikuwa miti mitupu. Na katika misitu ya upande huu, hadi leo ukitembea Ngong, kuna mti unaitwa mutamaiyo kwa Kikuyu, na oloirien kwa Wamaasai. Huo ni mzeituni. Mzeituni wa mwitu, ndugu wa damu wa ule wa Ugiriki na Uhispania.

Tofauti ni kwamba matunda yake ni madogo, nyama yake haifai kusumbukia. Wamaasai walitumia mti wake kusafisha na kufukizia vibuyu vya maziwa. Nairobi ilipokua, mingi iliishia kuwa makaa. Yaani tulikuwa na mzeituni, tukapikia chakula juu yake. Hiyo peke yake ni komedi.

Ndiyo maana mafuta ya zeituni kwetu hayakuwa chakula. Yalikuwa kwa vitabu vya dini, na kwa kichupa kidogo cha kemisti cha kupaka mtoto mchanga. Shosho wangu hadi leo hawezi kuelewa mtu anayekaangia yai kwa mafuta ya nywele.

Kwani watu walikuwa wanapikia nini?

Kabla ya duka, kila jamii ilikuwa na mafuta yake. Wafugaji walikuwa na samli, maziwa yanasukwa, siagi inachemshwa. Waluo wanajua mo, na kijiko kimoja tu juu ya mboga za kienyeji kilitosha. Wakikuyu walikamua mbariki, ingawa hiyo ilikuwa zaidi ya kupaka mwili. Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, walikotoka mababu wa Wanubi wengi, kulikuwa na simsim na mafuta ya moyao.

Pwani ndiko kulikuwa na ufundi kamili. Nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa, linachemshwa polepole hadi maji yaishe na mafuta yaelee. Hiyo hata wewe unaweza kufanya jikoni. Lakini simsim ilihitaji kinu. Lamu na Unguja walikuwa na vinu vya ngamia: kinu kikubwa cha mti, mchi mzito ndani yake, na ngamia amefungwa kitambaa machoni anazunguka, anazunguka, siku nzima. Mbegu zinasagika, mafuta yanateremka chini. Yanayobaki ni mashudu, chakula cha mifugo. Hakuna kilichotupwa.

Hapo ungeweza kuuliza kinu gani kilikamua, na ungejibiwa, pengine hadi jina la ngamia.

Lakini tusiifanye tamu kupita kiasi. Karne ya 19, simsim ya Malindi na bara ya Lamu ililimwa na watumwa, mashamba kwa mashamba. Na nyingi haikuliwa hapa. Wafaransa waliinunua kutoka pwani hii, ikapanda meli hadi Marseille, kukamuliwa mafuta na kupika sabuni. Kwa hivyo hadithi ya mbegu zetu kukamuliwa kwa watu wengine haikuanza jana.

Mchikichi uliopanda meli

Sasa tuje kwa hiyo salad yako. Sehemu kubwa mno ya mafuta ya kupikia tunayonunua Kenya ni mawese, na mawese hayo yanatoka Indonesia na Malaysia. Watu wengi hudhani mchikichi ni mti wa Asia. Hapana. Ni mti wa Afrika, Magharibi na Kati. Kigoma watu wanapikia mawese mekundu tangu enzi za mababu. Mashariki ya Kongo vilevile, sombe bila mawese ni mboga tu.

Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne ya mchikichi katika bustani ya Bogor, kisiwani Java. Minne tu. Mwaka 1911 William Lever, mtu wa sabuni kutoka Uingereza, akapewa na Wabelgiji ardhi kubwa ajabu Kongo, na huko watu walilazimishwa kuvuna michikichi yake. Mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likapandwa Malaysia. Kampuni ya Lever ikaungana na watengenezaji wa majarini wa Uholanzi, ikazaliwa Unilever. Shika hilo jina, tutakutana nalo tena.

Leo ule mti wa kwetu unatusafiria kurudi nyumbani kwa meli, unashuka Mombasa ukiwa mafuta, na tunaulipia kwa dola.

Karanga za Mfalme

Kuna watu watakwambia Afrika Mashariki haijawahi kujaribu kulima mbegu za mafuta kwa ukubwa. Ilijaribiwa, na ilikuwa aibu ya kimataifa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Uingereza haikuwa na mafuta. Majarini ilikuwa ya mgao. Mwaka 1946 bwana mmoja, Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, akaleta wazo: tulime karanga Tanganyika. Mpango ukawa ekari zaidi ya milioni 3. Wakaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea.

Walikuja na trekta zilizobaki za vita, hata vifaru viligeuzwa kuwa trekta. Mibuyu ikakataa kung'oka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, jua likipiga unakuwa saruji, karanga iko ndani na hakuna jembe litakaloitoa. Mvua nayo ikakosa. Wagogo walikuwa wanaijua ardhi hiyo na ukame wake vizazi na vizazi, lakini mpango ulikuwa umeshaamuliwa London. Mwanzoni mwa 1951 ukazikwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea.

Mimi huichukua kama somo la kwanza la mafuta: mpango wote ulikuwa wa kujaza majarini mezani Uingereza. Hakuna aliyekuwa ameuliza Mgogo anapikia nini.

Mkebe uliokuwa kipimo

Ni Unilever hao hao walioingia Nairobi miaka ya 1950 kupitia East Africa Industries, kule Eneo la Viwanda. Hapo ndipo Kimbo ilipoingia nyumbani kwetu. Kimbo haikuwa mafuta ya maji, ilikuwa mafuta magumu, meupe, kwa mkebe. Kwa familia iliyohamia mjini, ambayo haina ng'ombe wa samli wala mnazi, hiyo ilikuwa ni maendeleo. Haimwagiki, haiozi haraka, na ukiwa nayo kwa rafu wageni wanaona.

Halafu mkebe ukaisha na hakuna aliyeutupa. Hapa ndipo historia inakuwa yetu. Mkebe wa kilo mbili, wa Kimbo ama wa Kasuku, ukawa kipimo cha soko. Gorogoro. Hadi leo nenda Toi ama Makina, maharagwe, mahindi, njugu, vyote vinapimwa kwa gorogoro, na sehemu nyingine wanaita kasuku moja kwa moja. Kampuni iliuza mafuta, sisi tukatoa mizani. Sijui nchi nyingine ambapo mkebe wa mafuta umekuwa na mamlaka hivyo.

Kwa miaka mingi bei ya mafuta ya kupikia ilikuwa inapangwa na serikali. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, bei zikaachwa huru. Wakati huohuo pamba ya Kenya ilikuwa inaanguka, na pamba ikianguka hupotezi nguo peke yake, unapoteza pia mbegu ya pamba, ambayo ilikuwa inakamuliwa mafuta hapahapa. Mawese ya Asia yakaingia kujaza pengo. Bidco, ambayo familia ya Bhimji Depar Shah iliianza na nguo kule Nyeri, ilikuwa imefungua kiwanda cha mafuta Thika mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikainunua Kimbo yenyewe kutoka kwa Unilever. Mwanafunzi akanunua dawati la mwalimu.

Lakini shika tofauti hii, maana ndiyo kiini cha mambo: viwanda vyetu vingi vikubwa havikamui, vinasafisha. Mafuta yanakuja yakiwa tayari ni mafuta, yanaondolewa rangi, harufu na asidi, yanatiwa vitamini, yanafungwa. Ni kazi, na inaajiri watu. Ila mbegu, shamba na kinu viko kwa mtu mwingine.

Mwaka tulioonyeshwa

Na kama kinu kiko kwa mtu mwingine, siku akifunga mlango unalala njaa. Tulionyeshwa hilo mwaka 2022. Februari Urusi ikavamia Ukraine, na hizo nchi mbili ndizo zinauza alizeti nyingi zaidi duniani. Kila mtu akakimbilia mawese. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikasema haitoi mafuta nje, hadi tarehe 23 Mei.

Gatwekera hatukujua Indonesia iko wapi, lakini tulijua bei. Mathe alipunguza karai, kutoka mawili hadi moja. Akaanza kukaangia mafuta yaleyale siku tatu. Mimi nilimwona na sikusema kitu, kwa sababu nilijua hesabu.

Ndio maana 2024, Mswada wa Fedha ulipokuja na ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia, na VAT juu ya mkate, hakuna aliyehitaji kunieleza. Watu wa runinga walisema Gen Z wanapigania mambo ya intaneti. Wengi wetu tulikuwa tunapigania karai. Tarehe 18 Juni ushuru wa mafuta na wa mkate ukaondolewa, lakini moto ulikuwa umeshawaka, na yaliyotokea Juni 25 pale bungeni mnayajua. Kuna waliotoka nyumbani asubuhi na hawakurudi. Kila ninapopimiwa salad nawakumbuka. Siwezi kuitazama kama kitu kidogo.

Vinu bado viko

Sasa habari njema. Kukamua si uchawi, na hakuhitaji Thika. Panda basi la kwenda Dodoma na Singida, utaona barabarani madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kama askari. Nyuma yake kuna mashine ndogo nyingi. Mkulima anakuja na magunia, mbegu inapepetwa, inaanikwa ama inapashwa moto kidogo, inaingia kwa mashine yenye parafujo kubwa inayozunguka na kubana. Mafuta yanatoka kando, mashudu yanatoka mbele. Mafuta yanaachwa yatulie siku kadhaa, uchafu ushuke chini, kisha yanachujwa kwa kitambaa. Yana rangi ya dhahabu na harufu ya mbegu. Mashudu yanauzwa kwa wafugaji.

Hata Nairobi tuliwahi kuwa na wazo. Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa hapa 1991, lilitengeneza mashine ya mkono ya kukamua alizeti na simsim, na likaiita jina ambalo ningependa kuiba: Mafuta Mali. Mtu mmoja anavuta mpini, mbegu inabanwa, familia inapata mafuta na mashudu ya kuku. Uganda nao wamepanda michikichi kisiwani Bugala, Ziwa Victoria. Yaani mti ulioondoka umeanza kurudi, ingawa huko pia kuna maswali kuhusu msitu uliokatwa na ardhi ya nani ilichukuliwa.

Kwa hivyo unanunuaje?

Wacha nirudi kwa yule dada wa jikoni linalong'aa, kwa sababu alikuwa sahihi kwa mambo mengi. Kanuni zake zinafanya kazi hata kwa duka la mabati.

Kwanza, mwanga na joto huua mafuta. Kwa sheria, tangu 2012, mafuta ya kupikia Kenya yanapaswa kuongezwa vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Dumu la uwazi linaloota jua nje ya duka kutwa nzima limeshapoteza ulicholipia. Nunua lililo ndani, kivulini.

Pili, nusa. Mafuta yaliyoharibika yana harufu ya njugu za zamani ama rangi ya nyumba. Povu lisiloisha, moshi kabla hujaweka kitu, rangi ya chai: achana nayo. Sote tumesikia stori za mafuta ya transfoma kuuziwa wakaanga chipsi. Bei ikiwa chini kupita akili, jua kuna kitu unalipia baadaye.

Tatu, uliza imetoka kwa dumu gani, na uone dumu lenyewe, muhuri na alama ya KEBS. Ukipima kwa mashine ile ya kubonyeza, uliza huoshwa lini. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Nne, piga hesabu. Mimi nilifanya wiki moja: salad ya ishirini mara tatu kwa siku ni 60, kwa wiki ni 420. Nilikuwa namimina kila kipimo kwa chupa kubwa kwanza. Wiki ilipoisha nilikuwa na lita moja na kidogo. Chupa iliyofungwa ya lita, duka lilelile, ilikuwa 320. Ile tofauti ndiyo kodi ya kukosa 320 kwa wakati mmoja. Tulichofanya: majirani watatu, wote wakaanga, tukachanga tukanunua dumu la lita 20, na tunagawana mbele ya kila mtu. Na tulitumia nini kupima? Mkebe.

Tano, ukipata mtu anayetoka Singida, ama mkulima mwenye kinu cha alizeti, mwagize lita tano. Yanaganda kidogo ya chini, usiogope, ni mashapo. Usiyatumie kukaangia samaki karai zima, ni ghali kwa hiyo. Weka kwa mboga, utaonja mbegu.

Maoni yangu, na mnaweza kunipinga

Wengi hudhani mafuta mazuri ni ya watu wa Lavington, na sisi kazi yetu ni kushukuru kuwa karai limejaa. Mimi naona tofauti. Ngamia wa Lamu alikuwa anakamulia watu wa kawaida. Mbegu ya simsim haijui mtaa. Kilichobadilika ni nani anashika kinu, na nani anaruhusiwa kuuliza maswali.

Sisemi tuchome mawese, mathe angefunga kesho. Nasema tukiona wanasiasa wakiahidi alizeti na pamba kila uchaguzi, tuwaulize kinu kiko wapi. Na tukiwa kwa duka, tuulize dumu liko wapi. Ni swali moja.

Jana nilimpa mathe kijiko cha alizeti ya Singida aonje. Akafunga macho, akasema inamkumbusha kwao, nyanya yake akichoma simsim kwa sufuria. Kisha akafungua macho akaniuliza lita ni ngapi. Nikamwambia. Akarudisha kifuniko akakaza kabisa.

"Weka hiyo ya Jumapili," akasema. "Sasa kimbia uniletee ya ishirini, na uhakikishe anafungua dumu ukiona."